Maandalizi na Matendo katika Kukua kwa Mwalimu

Utangulizi

Kila mara wanachuo wanapokaribia kwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, taa za mabweni huwaka hadi usiku wa manane. Maandalio ya masomo hunakiliwa kwa hati nzuri, mistari hupigwa kwa rula, picha hupakwa rangi, na maboksi matupu hukatwa yakawa kadi za silabi. Hayo yote ni mambo ya kusifiwa, na mwanachuo asiyeyafanya hatumwiti mwalimu.

Hata hivyo, sisi tunaoyakagua madaftari hayo hapa Tukuyu tumeona jambo moja lililotufanya tuandike makala haya. Mwishoni mwa andalio la somo huwa pana nafasi ya Tathmini na nafasi ya Maoni. Nafasi hizo hujazwa baada ya kipindi kwisha, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna cha kutathminiwa. Lakini si mara moja wala mara mbili tumezikuta zimekwisha kujazwa hali kengele ya kipindi haijalia: "Somo limeeleweka vizuri. Wanafunzi wengi wamefaulu." Wino ni ule ule wa usiku uliotangulia.

Jambo hilo laweza kuonekana kuwa dogo, la kumkwepa mkaguzi tu. Kwetu sisi ni kubwa. Mwanachuo aliyeandika hivyo amelimaliza somo lake kabla ya kulifundisha. Watoto watakaokaa mbele yake asubuhi hawana tena la kumwambia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwalimu hakui kwa kujiandaa, hata ajiandae vizuri namna gani, ila hukua anapotenda, akakitazama kwa uaminifu alichokitenda, kisha akatenda tena kwa namna iliyo bora zaidi.

1. Maandalizi yanapogeuka maficho

Wazee walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Hawakuwa na maana kwamba mkulima asiwe na jembe. Walimwona mtu ambaye kila asubuhi hupima uzito wa mpini, hunoa, hulinganisha jembe hili na lile, na jua linapokuwa utosini shamba lake bado ni msitu. Mtu huyo si mvivu kama tunavyomfahamu mvivu, kwani ameshughulika kutwa. Kasoro yake ni kwamba shughuli yake imemwepusha na ile kazi iwezayo kumshinda.

Wilaya yetu ya Rungwe ni nchi ya mvua na chai. Kila aliyelelewa hapa ameona kitalu cha miche ya chai, pamoja na kivuli chake na viriba vyake vilivyopangwa safu kwa safu. Kitaluni mche hulindwa na jua kali, hunyeshewa maji na kuondolewa magugu. Bila malezi hayo ungekufa. Lakini mkulima anajua pia kwamba mche uliokawia kiribani kupita wakati wake hudhurika: mizizi hufika mwisho wa kiriba, hukosa pa kwenda, ikaanza kujizungusha yenyewe kwa yenyewe. Kwa juu mche waonekana mzuri, na madhara hujulikana baadaye shambani.

Chuo cha ualimu ni kitalu cha namna hiyo. Mwanachuo hukaa humo chini ya kivuli cha wakufunzi, na kivuli hicho ni cha lazima. Hatari huja pale anapopendezwa nacho, akajiambia kwamba atausoma mwenendo wa watoto atakapopata darasa lake, atakuwa mvumilivu atakapoajiriwa, atasoma vitabu atakapopata nafasi. Mizizi yake inajizungusha kiribani.

2. Mfano kutoka Rungwe ya zamani

Kwa kuwa wako watakaodhani kwamba kujifunza kwa kutenda ni fikira iliyotoka ng'ambo, tuanze na mfano wa hapa hapa petu. Kati ya miaka ya 1934 na 1938 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi na Wanyakyusa wakiyachunguza maisha yao. Monica Wilson aliyaeleza mengi ya hayo katika kitabu chake Good Company, kilichotolewa mwaka 1951. Jambo lililowashangaza wasomaji wa kitabu hicho ni vijiji vya marika.

Katika desturi hiyo, ambayo leo imekwisha, mtoto wa kiume alichunga ng'ombe wa baba yake akiwa bado mdogo. Alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliwaachia wadogo zake kazi ya kuchunga, akaanza kulima shamba la baba yake, na wakati huo huo akaacha kulala katika nyumba ya wazazi. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao pembeni, wakaanzisha kijiji chao. Vibanda vya kwanza vilikuwa vya kitoto. Kadiri wavulana walivyokua, nyumba nazo zilikua; walipooa walileta wake zao katika kijiji kile kile, na siku ilipowadia, katika sherehe iliyoitwa ubusoka, kizazi cha baba kiliwakabidhi vijana uongozi wa nchi.

Mwalimu ana mambo matatu ya kujifunza katika desturi hiyo. Kwanza, mvulana hakungoja ajue kujenga ndipo ajenge. Alijenga kibanda kibovu, mvua ya Rungwe ikakipima, na mwaka uliofuata akajenga kilicho bora zaidi. Pili, hakuachwa peke yake. Aliendelea kula kwa mama yake, naye alikwenda huko pamoja na wenzake, wakizunguka kutoka nyumba ya mama huyu hadi ya mama yule. Na mchana alilima chini ya macho ya baba yake. Tatu, alichokitenda kilikuwa na maana ya kweli. Kibanda kilikuwa cha kulala ndani yake. Kilipovuja, aliyelowa ni yeye.

John Dewey, aliyeanzisha shule yake ya majaribio huko Chicago mwaka 1896, aliandika mengi kuhusu elimu itokanayo na matendo ya mwanafunzi mwenyewe. Tunamheshimu, na wanachuo wanafanya vyema kumsoma. Lakini mwanachuo wa Rungwe asidhani kwamba ni lazima fikira hiyo aiagize Marekani.

3. Karamu na kalamu: kosa letu wenyewe

Isije ikadhaniwa kwamba tunawakaripia wanachuo kwa kosa ambalo sisi hatukulifanya. Sisi tunaoandika makala haya tuliwahi kulifanya, katika shule moja ya mashambani ambayo hatuna haja ya kuitaja, tulipokuwa tukifundisha kusoma katika darasa la kwanza.

Somo lilikuwa silabi za ra, re, ri, ro, ru. Tulikuwa na kadi za silabi, picha ya rula, na picha ya karamu yenye watu waliozunguka sahani ya wali. Tulitamka, darasa zima likaitikia kwa sauti iliyotikisa madirisha. Tukarudia mara nne. Tukatoka tukiwa na furaha, na tathmini iliyoandikwa tangu jana tukaiacha kama ilivyokuwa: somo limeeleweka.

Siku chache baadaye tulitoa imla ya maneno mafupi. Tuliposema "karamu", karibu darasa zima waliandika "kalamu". Tuliposema "kura", waliandika "kula". Tulikasirika, kisha tukaona haya. Watoto wale walitoka katika nyumba ambamo lugha ni Kinyakyusa, na Kinyakyusa hakina sauti ya r kama ya Kiswahili. Walipotusikia tukisema "ra", masikio yao yalisikia "la", na vinywa vyao vikasema walichokisikia. Sisi tulisikia kelele za darasa zima, tukadhani ni jibu. Usiku ule wa kupaka picha rangi tuliwaza juu ya karatasi, wala hatukuwaza juu ya ulimi wa mtoto.

Tulirudi tena darasani. Safari hii tulianza na kusikiliza: mwalimu atamke maneno mawili, na mtoto ainue mkono asikiapo r. Wengi waliinua mikono ovyo, na hapo ndipo tulipoona ukubwa wa kazi yenyewe. Tukagawa darasa katika makundi, tukamsikiliza mtoto mmoja mmoja, tukamwonyesha jinsi ncha ya ulimi inavyotetemeka. Wengine walicheka, nasi tukacheka nao. Tukaweka kalamu halisi mezani, na kando yake picha ile ya karamu, mtoto akaambiwa aguse ile aliyoisikia. Jaribio hilo nalo halikumfaa kila mtoto, wala la tatu. Lakini kila siku tulijua ni nani amebaki nyuma na kwa sababu gani. Majuma yale matatu yalitufundisha mengi juu ya kufundisha kusoma kuliko daftari letu zima la maandalio.

Tuzingatie ni nini hasa kilichotukuza. Kosa peke yake halikutukuza, kwani tungeweza kulirudia miaka mingi. Kilichotukuza ni imla, yaani kipimo kilichotuonyesha ukweli, pamoja na kukubali kurudi mahali tuliposhindwa.

4. Fundisho la walimu wa Elimu kwa Wote

Pengine msomaji atauliza: ikiwa kutenda ndiko kunakomkuza mwalimu, kwa nini vijana wasipelekwe darasani moja kwa moja, chuo kikafungwa? Historia ya nchi yetu inayo majibu ya swali hilo.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwezi Novemba 1977. Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi kama huo. Kwa hiyo, kuanzia katikati ya miaka ya 1970, zaidi ya vijana 40,000, wengi wao wakiwa wamemaliza darasa la saba, waliandikishwa wawe walimu huku wakifundisha. Sehemu ya siku walisimama mbele ya watoto. Sehemu nyingine walisoma wenyewe kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa msaada wa walimu waliowekwa kuwaongoza.

Mpango huo umelaumiwa sana, na baadhi ya lawama ni za haki: vijana walikuwa na elimu ndogo, madarasa yalijaa, na vitabu havikutosha. Lakini ni wengi pia waliojifunza kusoma kwa mikono ya walimu hao. Tukiupima mpango ule kwa kipimo cha makala haya, twaweza kusema hivi. Kijana aliyekuwa na mwalimu wa kumwongoza, akakaa nyuma ya darasa na kumtazama, kisha akazungumza naye jioni juu ya kilichotokea, alipata chakula cha kumkuza. Aliyeachwa peke yake na chaki yake alirudia kosa lake hadi likawa desturi. Kutenda bila kutazamwa na bila kujitazama ni sawa na kupanda mche juu ya mwamba.

Kwa hiyo hatuwaambii wanachuo wayatupe maandalio yao. Tunawaambia wayahesabu maandalio kuwa ni nusu ya kwanza ya kazi, nusu iliyo nyepesi, nayo haina thamani mpaka ile nusu ya pili iifuate.

5. Nafsi ya mwalimu

Tumesema juu ya ufundi wa kufundisha. Lakini mwalimu hukua pia katika nafsi yake: uvumilivu, ukweli, mazoea ya kusoma, ulimi mzuri. Huku ndiko maandalizi yanakodanganya zaidi, kwa sababu ni rahisi sana kuazimia.

Mathalani, mwanachuo asema, "Nitakuwa mwalimu mvumilivu." Nia hiyo ni njema, lakini uvumilivu hauwezi kuandaliwa bwenini kama vile kadi za silabi. Hupatikana mbele ya mtoto aliyekosea mara ya tano, siku ya mvua, bati likipiga kelele na sauti ya mwalimu imekauka. Wakati huo mkono huitafuta fimbo wenyewe. Mwanachuo aliyeuzuia mkono wake mara moja, siku hiyo moja, amekua kwa kiasi fulani. Aliyesoma sura nzima juu ya uvumilivu amejua kwamba uvumilivu upo.

Ni hivyo hivyo katika kusoma. Tunao wanachuo wanaoorodhesha vitabu watakavyovisoma, na orodha huwa ndefu kila muhula. Tungemsifu zaidi yule aliyesoma kurasa tano, akachukua jambo moja humo, akalijaribu darasani siku ya Jumanne, na Jumatano akaweza kutueleza limefaa wapi na limeshindwa wapi.

Mwanachuo asituone kwamba tunamdharau kwa woga wake. Woga huo twaufahamu. Ndani ya daftari kila somo hufaulu, na hakuna mtoto anayesinzia wala anayetazama dirishani. Kutoka katika daftari na kuingia darasani ni kukubali kuonekana ulivyo. Lakini fikirini nani analipa gharama ya woga huo. Mtoto wa darasa la kwanza ana mwaka mmoja tu wa darasa la kwanza. Ikiwa mwalimu wake ataanza kujifunza kwa kweli mwakani, mtoto huyo atakuwa amekwisha kupita, na huenda akapita hadi darasa la saba akibahatisha maneno.

6. Njia ya kufuata

Tunapendekeza hatua hizi, ambazo hazihitaji fedha wala ruhusa ya mtu.

(a) Anza mapema na kwa kidogo. Usingoje mazoezi ya kufundisha. Mkusanye wenzako kumi, wafundishe jambo moja kwa dakika kumi, kisha wakueleze walichokiona. Kesho yake lifundishe tena jambo lile lile.

(b) Chagua udhaifu mmoja. Anayetaka kurekebisha hati ya ubaoni, sauti, maswali na nidhamu katika juma moja hatarekebisha hata kimoja. Chagua, kwa mfano, kuwauliza wanafunzi wa safu ya nyuma, ukae na jambo hilo majuma mawili.

(c) Weka kipimo kabla ya kipindi. Jiulize: ni kitu gani mtoto atakifanya mwishoni ambacho kitanionyesha kwamba ameelewa au hakuelewa? Kuitikia kwa pamoja si kipimo. Imla fupi, hesabu mbili, au kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, hivyo ni vipimo.

(d) Iache Tathmini wazi mpaka somo liishe. Kisha andika kilichotokea, kwa idadi na kwa sababu. Linganisha maneno haya mawili:

"Somo limeeleweka vizuri."

"Wanafunzi 9 wa nyuma hawakutofautisha kalamu na karamu. Nilitamka nikiwa nimegeukia ubao. Kesho nitaanza nao, nikiwa nimewakabili."

Sentensi ya kwanza haimfundishi mtu lolote. Ya pili imekwisha kuanza andalio la kesho.

(e) Tafuta wa kukutazama. Mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa, naye atazame ule udhaifu mmoja uliouchagua. Msipeane sifa za bure; wala msivunjane moyo.

(f) Rudi. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Somo lililoshindikana lirudiwe kwa njia nyingine, kwa watoto wale wale, kabla ya kuendelea na mada mpya.

Hitimisho

Ndugu wanachuo, hatukuandika haya ili taa za mabweni zizimwe mapema. Andaeni kwa bidii. Lakini asubuhi mtakapoingia darasani, ingieni mkiwa na nafasi moja tupu katika daftari, na mwacheni mtoto aijaze. Siku mtakapoona haya kwa kile alichokijaza, msikifute. Fungueni ukurasa mpya, mwandike tarehe, na mwanzie hapo.

Maswali ya kujadiliana

1. Soma tathmini tano za mwisho katika daftari lako. Ni ngapi ziliandikwa baada ya kipindi, na ni ngapi zilibadilisha somo lililofuata?

2. Taja maneno matano ya Kiswahili yanayowatatiza watoto wa mahali utokako kwa sababu ya lugha ya nyumbani. Umeyajuaje: kwa kuwasikiliza au kwa kudhani?

3. Ni azimio gani kuhusu nafsi yako umelirudia kila muhula bila kulitenda? Andika tendo moja dogo la azimio hilo utakaloweza kulifanya kabla ya Ijumaa, na jina la mwenzako atakayekuuliza kama umelifanya.

4. "Afadhali mwalimu asiyejiandaa lakini mzoefu, kuliko aliyejiandaa asiye na uzoefu." Jadili, ukitumia mfano wa walimu wa Elimu kwa Wote.